Kila Jumatano Mbele ya Meza Yangu

Jumatatu, tarehe 3, mwezi wa sita

Barua nne kabla ya saa sita mchana. Mbili za mipaka ya mashamba. Moja ya kuomba cheti cha kuzaliwa. Moja ya mjane ambaye maharagwe yake yameliwa na ng'ombe walioletwa kutoka Kirolirwe. Hiyo ya mwisho imetoka vizuri. Nilianza kwa "heshima na unyenyekevu", kisha nikaufuta unyenyekevu. Mjane hakukosa kitu. Anyenyekee kwa nini?

Mgeni mmoja aliniuliza mimi ni sekretere wa nani, kwa kuwa Nyabiondo nzima inaniita Papa Sekretere. Nikamjibu: wa kila asiyeweza kuandika. Hakuna ofisi iliyonipa cheo hicho. Sikupita darasa la sita. Kilichobaki nilikitafuta mwenyewe, neno kwa neno, na ndiyo sababu sikubali neno likae mahali pasipo pake.

Mchana, barua ya posa. Aliyeiomba ni Papa Faustin, anayekaa Walikale karibu na machimbo ya Bisie, kwa niaba ya mtoto wa marehemu kaka yake. Mtoto huyo ni Janvier, yule dereva wa pikipiki. Nilifurahi. Namjua Janvier tangu ofisi fulani ya Masisi ilipozuia pikipiki yake, nami nikamwandikia ombi. Ilirudishwa. Tangu hapo hupita mezani kwangu kila Jumatano, husalimu, hukaa kidogo, huenda zake. Haombi kitu. Vijana wa namna hiyo ni wachache. Niliongeza kwa hiari yangu mistari mitatu ya kumsifu, ambayo Papa Faustin hakuiagiza. "Ni mtu wa subira na wa neno lililopimwa, ambaye baba yeyote angependa kumwona akiingia mlangoni pake." Nimeridhika na sentensi hiyo.

Jina la binti sikuuliza. Ni kanuni ya meza yangu. Mahali pa jina naweka nukta, na familia hujaza yenyewe siku ya kuipeleka. Posa ikikataliwa, hakuna kinywa cha sokoni kitakachojua ni nyumba ipi iliyokataa.

Jumanne, tarehe 4

Mafunzo ya siku tatu yameanza katika ukumbi wa parokia. Watu wanasema formasio. Mimi naandika mafunzo. Nimeteuliwa kuwa mwandishi wa ripoti. Mkufunzi ni dada kutoka Goma, jina lake Solange, msomi, mpole wa sauti. Somo lake ni sayansi ya mienendo ya watu: kwa nini tunachagua tunachochagua.

Aliweka sinia mbili za ndizi mbivu, moja karibu na mlango, nyingine ndani, ukutani. Tuliingia, tukachukua. Sinia ya mlangoni ikaisha kwanza. Akatuuliza mmoja mmoja kwa nini tulichukua pale. Mmoja alisema zilikuwa zimeiva zaidi. Mwingine alisema zilikuwa kubwa. Mimi nilisema zilikuwa zimepangwa kwa utaratibu. Ndipo akatuambia kwamba zote zilikatwa katika mkungu mmoja na kwamba alizipanga sawasawa yeye mwenyewe. Tulichukua za karibu. Sababu tulizitunga baadaye, na kila mmoja akaiamini yake.

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nilijisikia kama mtu aliyeshikwa akisema uongo bila kujua kwamba anasema uongo. Nimeandika yote katika ripoti, pamoja na jibu langu. Ni wajibu.

Jumatano, tarehe 5

Leo, mapenzi.

Kwa maneno ya dada Solange: mtu humpenda anayemwona mara kwa mara. Humpenda anayefanana naye. Humtaka zaidi anayetakwa na wengine. Na moyo ukipiga kwa sababu ya hofu, mwenyewe hudhani ni mapenzi.

Mama Riziki, anayeuza chumvi, akasimama. "Basi miye nilipenda bwana yangu sababu ya mbwa yake. Nilikuwa naiogopa sana." Ukumbi wote ukaanguka kwa kicheko. "Papa Sekretere, andika na ile."

Nikaandika: "Mshiriki mmoja alitoa mfano wa mbwa."

Kisha niliomba neno. Nilisema kwamba mwanadamu ana akili na nia, na kwamba mafunzo haya yanamshusha hadi zizini. Nilieleza jinsi nilivyomchagua mke wangu: niliwapima mabinti watatu, nikaomba mwezi mzima, nikaamua. Dada Solange alinisikiliza hadi mwisho. Akauliza kwa adabu: "Papa, kati ya hao watatu, ni nani uliyekuwa unamwona kila siku?"

Hawakuhitaji jibu. Walikuwa wamekwisha kucheka.

Saa ya mapumziko Janvier alisimamisha pikipiki nje ya ukumbi, akanisalimu, akaenda. Ni Jumatano. Hata hapa alinipata. Ilikuwa salamu pekee safi ya siku nzima.

Kinyaa. Si hasira, nimelipima neno. Hasira humwelekea mtu. Hiki kinaelekea kitu kilichomo ndani ya kila mtu, na ndani yangu.

Ijumaa, tarehe 7

Mafunzo yalikwisha jana. Ripoti imekabidhiwa, kurasa kumi na moja, haina neno lililokatwa.

Nilimwuliza mke wangu kuhusu swali la dada Solange. Alikuwa anachambua maharagwe ya mavuno mapya, yaliyotoboka upande huu, mazima upande ule. Nilimkumbusha asubuhi zile alipokuwa anapita mbele ya nyumba ya baba yangu na mtungi wa maji, kabla sijamposa.

Hakuinua macho. "Nilikuwa napita na makusudi. Kwetu maji ilikuwa chini ya nyumba, karibu tu. Nilizunguka kilima muzima miezi mbili."

Nikamwuliza kwa nini hakuwahi kuniambia.

"Hukuniuliza. Weye ulikuwa unaelezea batu mambo ya maombi." Akatupa maharagwe mabovu nje. "Na yalikuwa maombi ya kweli. Hata miye nilikuwa naomba. Nilikuwa naomba mutungi isinivunje shingo."

Miaka ishirini na sita. Nimelisimulia chaguo langu katika harusi za watu, nikiwashauri vijana. Yeye ameketi hapo kila mara, akinisikiliza, kitambaa kichwani, uso mtulivu. Nilikuwa mbuzi anayeongozwa kwa majani, na mbuzi huyo akawa anatoa hotuba.

Sikula. Nilimwambia tumbo linauma. Hakuamini.

Jumapili, tarehe 9

Sijui niandike vipi. Niandike kwa mpangilio.

Baada ya misa waliingia uani mwangu wanaume watatu. Mbele, Papa Faustin. Alibeba sahani iliyofunikwa kitambaa cheupe. Juu yake, bahasha. Niliijua bahasha. Niliikata mwenyewe.

Niliifungua kwa sababu desturi inataka ifunguliwe mbele yao. Mwandiko wangu. Heshima zangu. Mistari yangu mitatu ya sifa, neno kwa neno. Mahali pa nukta, jina la binti yangu: Mapendo.

Limeandikwa kwa mkono wa Mapendo.

Sikosei. Herufi ya kwanza ina mkia unaorudi nyuma. Mimi ndiye niliyemfundisha mkia huo, kwenye kibao, akiwa hajaingia shule. Binti amejiomba mwenyewe. Amechukua barua ya baba yake na kumpelekea baba yake.

Papa Faustin alinitazama kwa utulivu wa mtu ambaye barua yake imeandikwa na fundi. Mke wangu alitoka na viti kabla sijamwita. Alijua. Mapendo hakutoka ndani.

Niliwaambia kwamba jibu litatolewa kwa maandishi. Papa Faustin amesema atalingoja hadi Jumapili ijayo, kwa kuwa Jumatatu itakayofuata anarudi Walikale. Waliondoka bila kuharakisha.

Jumatatu, tarehe 10

Sikufungua meza.

Watu wote wa nyumba yangu walijua, na mimi nikawa natafuta maneno mazuri ya kujitegea mtego. Janvier hakuja kunisalimu hata siku moja. Alikuja kunizoeza. Kama mtu anavyomzoeza ng'ombe asiyemjua, kidogo kidogo, hadi akubali mkono shingoni. Na mimi nilikubali. Niliinamisha shingo, kisha nikaandika sifa.

Najua alikopata ujanja huo. Katika mafunzo yale. Nilichukua nakala ya orodha ya waliohudhuria, nikaisoma mara mbili. Jina lake halimo. Na alianza kupita mezani kabla dada Solange hajafika Nyabiondo. Sielewi.

Nimemwambia mke wangu kwamba nitakataa. Akakaa mbele yangu. "Ukikataa, ataenda. Si kwa kujiiba usiku. Ataenda muchana, na nguo yake ya kanisa."

Naelewa maana ya kauli hiyo kuliko mtu yeyote wa hapa. Binti anayeondoka bila jibu la baba haruhusiwi kuuvuka mlango wake tena, wala kwa kujifungua, wala kwa msiba. Miaka mitano iliyopita nilimwandikia jirani yetu barua ya kumfungia binti yake mlango. Ilisifiwa kwa ufasaha. Mama wa binti huyo alizikwa, na binti alisimama barabarani, ng'ambo ya ua, mpaka watu wakatawanyika. Nilikuwepo. Nilimwona.

Walikale, kwao Janvier, ni mbali. Njia ni mbaya. Watu wa kule hufuata jiwe la madini. Jiwe likihama, nao huhama. Sisi tumelima kilima hiki hiki tangu kwa babu wa babu yangu. Nampoteza kwa vyovyote vile. Nikikataa, nampoteza kabisa.

Jumatano, tarehe 12

Alikuja. Nilidhani hatathubutu. Alisimamisha pikipiki mahali pale pale, akasalimu, akakaa.

Nilimwuliza kama salamu za miezi yote hiyo zilikuwa kwa ajili ya binti yangu.

"Ndiyo, Papa."

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Sikuwa nimejiandaa kwa ndiyo. Nikamwuliza ni nani aliyemfundisha ujanja mchafu kama huo.

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Ni weye ulinifundisha, Papa Sekretere. Wakati ya pikipiki. Ulisema barua peke yake haitoshi. Ulisema, enda kule kila Jumatano, salimia, kaa kidogo, usiombe kitu, mupaka bakuzoee. Siku hutaenda, beye benyewe batauliza uko wapi." Akaongeza, polepole: "Na ile Jumatano nilikuwa Walikale, Papa, uliuliza batu niko wapi. Baliniambia."

Nilimwamuru aondoke. Alisema asante. Asante.

Ni kweli. Niliuliza.

Na ni kweli pia hayo mengine. Nimewaambia watu hivyo kwenye meza hii tangu nianze kazi. Nenda asubuhi, karani akiwa amekwisha kunywa chai. Barua yako iwe ya juu. Taja mtu wa kijiji chake. Rudi siku ile ile kila juma. Niliyaita mambo hayo utaratibu. Nilijua yanafanya kazi, wala sikujiuliza kwa nini, kwa sababu nilitaka kuamini kwamba kinachofanya kazi ni sentensi zangu. Mjane wa maharagwe alisikilizwa jana, nimearifiwa. Si kwa haki yake. Wala si kwa unyenyekevu niliofuta. Nilimwambia akae mlangoni na mtoto mgongoni, mahali ambapo karani hawezi kutoka bila kumruka. Akakaa.

Nimewatendea makarani wa Masisi kile nilichotendewa. Nimekuwa nikiuza kile kile kinachonitapisha.

Sina mtu mwingine wa kuchukia leo. Ni mimi tu niliyebaki, na mimi sitoshi.

Alhamisi, tarehe 13

Nimeandika majibu manne ya kukataa. Yote yana muhuri wa adabu.

La kwanza linataja umbali. La pili linataja kazi ya pikipiki, kwamba ni kazi isiyo na mizizi. La tatu linataja umri wa Mapendo, ambaye ana miaka ishirini na mitatu. Mama yake alikuwa na kumi na tisa. La nne linataja makosa ya utaratibu katika posa yenyewe, nalo ndilo baya zaidi, kwa sababu utaratibu ni wangu.

Niliyalaza mezani moja kando ya jingine. Sababu zinabadilika, hapana haibadiliki. Hapana ilikuja kwanza, Jumapili, uani, nilipouona ule mkia wa herufi. Sababu zote nilizifuata baadaye kama mtu anayewatafuta mashahidi baada ya kukata shauri.

Sijakosea neno hata moja katika barua hizo nne. Zinanuka.

Ijumaa, tarehe 14

Nilimfuata Mapendo shambani. Alikuwa anang'oa maharagwe yaliyokauka na kuyafunga mafungu. Hatukuwa tumesemezana tangu Jumapili. Nilifanya kazi kando yake hadi mwisho wa tuta, kisha nikamwuliza kwa nini aliandika jina kwa mkono wake.

"Papa Faustin hajui kuandika. Janvier mwandiko wake mubaya, ungeikataa mbele ya kuisoma." Akafunga fungu. "Na nilitaka ujue ni miye. Kama ningeficha mukono, ingekuwa kukudanganya."

Nikamwuliza swali ambalo ndilo lililonipeleka pale. Nilimwambia asinijibu upesi. Kwa nini Janvier? Nilimwonya kuhusu mazoea. Nilimweleza yote, ndizi, mtungi, mbwa wa Mama Riziki. Alicheka kwa ajili ya mbwa. Sikukasirika.

Kisha akafikiri kweli. Nilimwona akifikiri.

"Baba, kama ni mazoea, ningependa huyu Byamungu wa jirani. Namuona tangu tuko batoto, asubuhi na mangaribi, na siwezi hata kula naye ugali. Janvier alikuwa anapita kwa meza yako. Kwangu hakuwa anapita. Sijui, Baba. Nilimupenda, halafu nikaanza kutafuta sababu. Mupaka leo natafuta. Nikiipata nitakuambia."

Katika siku hizi kumi na mbili sijasikia mtu, mimi nikiwa wa kwanza, aliyesema jambo la moyo wake bila kulivika nguo. Mkufunzi ana sababu. Mke wangu ana sababu. Mimi nina majibu manne. Mtoto wangu anasema sijui, mikono imejaa maharagwe, na hajioni amepungukiwa.

Kinyaa hakikuisha. Lakini hakikumgusa yeye.

Tulibeba mafungu pamoja. Mazito. Alibeba mengi kuliko mimi, na hakusema.

Jumamosi, tarehe 15

Majibu manne nimeyachoma jikoni. Mke wangu alisogeza sufuria akaniachia nafasi, bila kuuliza.

Nikaanza la tano. Nililianza kwa "kwa kuwa". Nikalifuta. Nikalianza tena kwa "baada ya kutafakari". Nikalifuta pia, kwa sababu si kweli. Sikutafakari. Niliogopa kumwona Mapendo amesimama barabarani, ng'ambo ya ua wangu, siku ya msiba. Hofu ilinichagulia, kama ilivyomchagulia Mama Riziki. Basi na iwe hofu. Lakini sitaiandikia mashahidi.

Jibu lina mistari mitatu. Halina sababu hata moja. Ni barua fupi kuliko zote nilizowahi kutia sahihi, na kama ingeletwa na mteja ningemrudishia aikamilishe.

Mke wangu aliisoma amesimama. "Ni fupi."

Nikamjibu kwamba ni fupi.

Akaikunja vizuri kuliko nilivyoikunja mimi.

Jumapili, tarehe 16

Walikuja baada ya misa. Viti vilikuwa vimepangwa. Janvier alivaa shati jeupe na hakutaka kukaa mpaka nilipomwonyesha kiti.

Nilimkabidhi Papa Faustin bahasha. Aliifungua, akaigeuza huku na huku, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Papa Sekretere, miye sijui kusoma. Utusomee."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Siku zote barua zangu husomewa mbali, na watu nisiowaona.

Nikasimama. Mstari wa kwanza ulitoka. Kwenye neno "tumekubali" sauti ilikataa. Nilikohoa. Hakuna aliyeniharakisha. Papa Faustin alitazama chini, mikono magotini, kama mtu anayengoja mvua ipite. Nikaanza tena tangu juu, na mara hii nikafika mwisho.

Papa Faustin akasema, "Tumesikia."

Mapendo akatoka ndani na maji ya kunawa. Alianzia kwa wageni. Akafika kwangu wa mwisho. Nikanyoosha mikono, naye akamimina taratibu, mpaka maji yakaisha.